Neema Iliyofungiwa Kabatini

Katika maswali yanayomhusu mwenye mali liko moja ambalo wanachuoni wa zamani walilipa nafasi kubwa, nasi watu wa zama hizi tunalipita mbio, nalo ni hili: mtu aliyejaaliwa kumiliki kitu kizuri, kilichoundwa kwa hikima na kwa ajili ya kazi maalumu, akakihifadhi, akakifuta vumbi, akakipenda, akakionyesha kwa wageni wake, lakini kazi yake asikipe abadan, je, mtu huyo ni mwenye kushukuru au ni mwenye kukufuru neema? Swali hili lafaa kuulizwa juu ya vitabu, juu ya mashamba na juu ya elimu yenyewe. Mimi nataka kuliuliza juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni, yaani kamera ndogo ya mkanda, ile iliyotamalaki baina ya miaka ya 1920 na miaka ya 1990, ambayo sasa watu wa nchi nyingi, na wachache wa pwani yetu pia, wamerejea kuitafuta, kuinunua na kuipanga kabatini. Nimeichagua kamera kwa sababu naipenda, na kwa sababu sijaona kitu kingine ambacho maumbile yake yenyewe hulijibu swali hili kwa uwazi kama inavyolijibu kamera.

Asili ya kamera hizi haikuwa anasa. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz katika mji wa Wetzlar huko Ujerumani, alikuwa mgonjwa wa pumu. Na kamera za siku zake, pamoja na mabamba ya vioo na miguu yake mitatu, zilikuwa mzigo usiobebeka kwa mtu ambaye kupanda kilima kulimkata pumzi. Akauchukua mkanda wa sinema, ambao tayari ulikuwa ukitengenezwa kwa wingi, akaulaza ubavu, akaipa kila picha upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, na kufikia 1914 alikwisha kuunda kamera ya chuma inayoshikika kiganjani. Vita vikaichelewesha, wala haikuuzwa kwa watu mpaka 1925, kwa jina la Leica, ikiwa na lenzi iliyobuniwa na Max Berek. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwani hoja yangu yote imesimama juu yake: kamera hii ilifanywa ndogo ili mtu dhaifu wa kifua aweze kwenda nayo anakokwenda. Udogo wake ni ahadi ya kusafiri.

Waliomfuata Barnack waliitimiza ahadi hiyo kwa namna mbalimbali, na iliyonipendeza zaidi ni ya Heinz Waaske, mbunifu wa Kijerumani ambaye kiwanda alichokuwa akifanyia kazi, Wirgin, kiliamua kuacha biashara ya kamera, naye akahamia kwa Rollei mjini Braunschweig pamoja na sampuli aliyokwisha kuiunda. Kamera yake, Rollei 35, ilionyeshwa Cologne mwaka 1966, na upana wake haufiki sentimita kumi. Ukiishika utaona kwamba hapana pembe iliyoachwa bure: mbele, kulia na kushoto mwa lenzi, pana vigurudumu viwili, kimoja cha kasi na kimoja cha upana wa tundu la lenzi, juu pana kidirisha chembamba chenye sindano ya kupimia mwanga, na chini pana hesabu ya picha ulizokwisha kupiga. Lenzi imo katika bomba la chuma lililozama tumboni mwa kamera. Ukitaka kupiga picha unalivuta nje, unalizungusha kidogo mpaka likamate. Lakini ukitaka kulirudisha ndani halikubali, ila uwe umekwisha kuuvuta mkanda mbele na kuiweka kamera tayari kwa picha ifuatayo, ndipo ubonyeze kitufe kidogo kilichoko juu, na bomba lirudi kwake. Mara nyingi nimelitafakari sharti hili la kifundi, maana kwa mujibu wake chombo hiki hakikubali kulala ila kikiwa tayari kwa kazi ya kesho.

Na lenzi yenyewe, katika kamera nyingi za namna hiyo, ni Tessar, iliyobuniwa na Paul Rudolph katika kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena mwaka 1902: vipande vinne tu vya kioo, viwili vya mbele vikiwa mbalimbali na viwili vya nyuma vikiwa vimegandishwa pamoja, kila kimoja kikirekebisha upungufu wa mwenziwe, hata miale inayotoka katika nukta moja ya dunia ikutane tena katika nukta moja ya mkanda. Haikuwezekana Jena kutoa lenzi kama hiyo bila ya hesabu za Ernst Abbe na vioo vipya vya Otto Schott. Na hesabu hizo nazo zina nasaba ndefu, inayofika kwa Ibn al-Haytham wa Basra, ambaye katika karne ya kumi na moja, akiishi Kairo, aliandika Kitab al-Manazir, akathibitisha kwa majaribio kwamba jicho haliutoi mwanga bali huupokea, na akaichunguza namna mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia chumba cha giza. Ninayataja haya ili ijulikane ni amana ya kiasi gani iliyomo katika kitu ambacho mtu hukinunua mnadani kwa bei ya jozi ya viatu: elimu ya takriban miaka elfu imekunjwa ndani ya bomba lisilozidi kidole kwa urefu.

Liko swali jingine linalotangulia, nami nitalipita kwa haraka kwa kuwa wengine wamelipekua kunishinda. Pwani yetu ilikuwa na wazee walioishi na kufa bila ya kukubali kupigwa picha, kwa kuhofia lile katazo la kuwafanyia viumbe sanamu, na hofu yao ilikuwa hofu ya wacha Mungu wala haistahili kudharauliwa. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, aliandika risala kulijibu jambo hilo, akasema kwamba mpiga picha haumbi mfano wa kiumbe, bali hukizuia kivuli ambacho Mola mwenyewe amekiumba, kama kioo kipokeavyo uso wa anayejitazama, tofauti ikiwa ni kwamba kivuli hiki kimezuiwa kisiondoke. Kabla yake, mwaka 1861, afisa wa jeshi la Misri, Muhammad Sadiq, alikwisha kupiga picha Madina, na mwaka 1880 akapiga Makka. Wako waliompinga Sheikh Bakhit, na wako mpaka leo. Mimi naiona hoja yake kuwa yatosha, na naona kwamba watu wetu walikwisha kuikubali kwa vitendo, maana Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, imewapiga picha Waislamu na wasiokuwa Waislamu kwa vizazi.

Basi turejee katika suala la kumiliki. Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amelieleza katika Ihya Ulum al-Din, mlango wa subira na shukrani, kwa ukali ambao mwenye kabati lolote akiusoma atataharuki. Shukrani kwake si neno la ulimi; ni elimu, yaani kumjua aliyekupa; na ni hali, yaani furaha inayotokana na kujua huko; na ni amali, yaani kuitumia neema katika lile ambalo Mpaji ameiumbia. Kwa hivyo kuikufuru neema kuna njia mbili wala si moja: kuitumia katika yasiyofaa, au kuiacha isitumike. Kisha akaleta mfano wa dirhamu na dinari. Vitu hivi viwili, asema, havitafutwi kwa ajili ya nafsi zao; vimeumbwa viwe waamuzi baina ya mali nyingine, vizunguke mikononi mwa watu na kuzipima bidhaa zao. Anayezilimbikiza, basi, amezidhulumu na ameibatilisha hikima iliyomo ndani yake, na hali yake ni hali ya mtu aliyemfunga gerezani kadhi wa Waislamu, hata watu wakakosa wa kuwahukumu.

Nimeurejea mfano huu mara nyingi kwa sababu ya insafu yake. Ghazali hakusema kwamba mwenye kulimbikiza ana chuki na dhahabu. Yeye huipenda mno, huihesabu usiku, huifunga kwa kufuli. Alisema kwamba mapenzi yake yenyewe ndiyo gereza. Na tena hakusema kwamba aliyedhulumiwa ni maskini tu aliyekosa kupewa, ingawa huyo naye yumo. Amesema kwamba dhahabu yenyewe imedhulumiwa, kwa kuwa kila kilichoumbwa kina haki ya kufikishwa kwenye lengo la kuumbwa kwake. Sijaona fikra nyingine inayompandisha daraja mpenda vitu, na papo hapo kumhukumu, kama hii: yampandisha kwa kukubali kwamba vitu vina haki, kisha yamhukumu kwa haki hizo hizo.

Hikima ya lenzi ni nini? Ni kupitisha mwanga. Hapana jingine. Wala si nzuri kwa uzuri wa johari, ambayo kwa maoni ya watu kazi yake huisha kwa kutazamwa. Uzuri wa lenzi ni wa kutazamia, na anayekitazama kioo chake bila ya kutazama kwa kioo hicho amesimama kizingitini akakiita nyumba. Yoshihisa Maitani, mbunifu wa kiwanda cha Olympus huko Japani, alipoiunda XA iliyotoka mwaka 1979, aliiondolea kifuniko cha kuchomoa na mfuko wa ngozi, akaipa mlango wa kuteleza unaoikinga lenzi na kuiamsha kamera kwa kitendo kimoja cha kidole gumba, kwa kuwa alikusudia kuunda kamera ambayo mtu atakuwa nayo kila wakati. Muundaji amekwisha kusema maksudi yake kwa lugha ya chuma na kioo. Anayeinunua kamera hiyo na kuirudisha katika boksi lake kila jioni, asije akaiamsha tena, ameyasikia maksudi hayo akayakataa.

Nilikaribishwa wakati fulani katika nyumba ya mzee mmoja wa Mji wa Kale wa Mombasa, mtu wa adabu kubwa, aliyefanya kazi melini ujanani mwake na kununua kamera katika kila bandari iliyompendeza. Kabati lake la vioo lilikuwa safi kuliko la msikiti, na kila kamera ilikuwa katika mfuko wake wa ngozi, vifungo vikiwa vimefungwa. Akaniteremshia Canonet ya Kijapani, mpya kana kwamba imetoka dukani asubuhi ile, hata chuma chake hakina mkwaruzo.

"Mzee," nikamwambia, "naomba ruhusa niitazame lenzi yake dirishani."

"Itazame, mwanangu. Hiyo sijapata kuitia mkanda tangu siku niliyoinunua. Naionea huruma."

Nikaifungua mgongo, nikaweka kasi ile inayoiacha shata wazi muda wote kidole kikiwa kimebonyeza, nikaielekeza kwenye mwanga wa bahari. Ndani ya kioo cha nyuma kulikuwa na nyuzi, nyembamba kuliko unywele, zimetoka ukingoni zikatambaa kuelekea katikati, kila uzi ukizaa matawi, na matawi yakizaa matawi. Ni ukungu. Nikampa naye atazame. Akatazama kwa muda mrefu bila ya kusema, kisha akaniuliza kama hutoka. Nikamwambia kwamba fundi mwenye mkono mwepesi akiifungua lenzi aweza kuufuta, iwapo haujakila kioo; ukishakila, alama haiondoki. Kisha nikaona, juu ya msumari karibu na dirisha la jikoni, Olympus Trip 35 iliyochakaa, rangi imebanduka pembeni, kamba yake imeungwaungwa. Ile, akasema, ndiyo aliyopigia harusi za binti zake na Idi zote za wajukuu. Nikaiteremsha. Kamera hii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967, haina betri. Lenzi yake imezungukwa na vijicho vya seleniamu vinavyougeuza mwanga kuwa umeme kidogo wa kuiongoza. Nikaviziba kwa kiganja, nikabonyeza: kibendera chekundu kikapanda kidirishani na kamera ikagoma, kama ilivyofundishwa kugoma palipo na giza. Nikaondoa kiganja, ikapiga. Na lenzi yake, nilipoimulika, ilikuwa safi kabisa.

Wajuzi wa vioo hawatastaajabu. Ukungu wa lenzi ni kiumbe kinachotaka vitu vitatu, unyevu, giza na hewa iliyotulia, na riziki yake ni vumbi, mafuta ya vidole, na ile gundi na rangi ya kinga iliyopakwa juu ya vioo. Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70, kama ilivyo pwani yetu miezi mingi ya mwaka, mbegu zake huamka. Na kadiri unavyokula ndivyo unavyotoa tindikali inayokichora kioo. Mfuko wa ngozi, ambao mwenye mapenzi huuona kuwa ni vazi la heshima, hunyonya unyevu na kuukalisha humo humo, na kabati la vioo lisilofunguliwa hukamilisha kazi. Mwanga wa jua na hewa inayopita ndio maadui wa ukungu. Na ni nani anayeipa lenzi jua na hewa kuliko yule anayetoka nayo? Hali ya shata ni hiyo hiyo. Mabamba yake membamba hutegemea mafuta machache katika magurudumu madogo yanayohesabu sehemu za sekunde. Yasipozunguka, mafuta huganda kuwa nta, na kasi za polepole ndizo hufa kwanza. Dau lililovutwa pwani likaachwa mwaka mzima hupasuka mbao zake na kukauka kalafati zake, na siku ya kurudishwa majini huingiza maji kila mahali. Dau la mvuvi aliye maskini, linalolala majini na kuamka majini, laelea.

Dhahabu ya Ghazali ikifungiwa haiozi. Mwenye kuilimbikiza aweza kujitetea kwamba ameihifadhi kwa watakaokuja. Lenzi haimpi mwenyewe utetezi huo. Hapa ndipo ninapoona kwamba kamera hulijibu swali letu kwa uwazi kuliko sarafu: adhabu ya kuizuia kazi yake imo ndani ya kuizuia kwenyewe, wala haihitaji kungojwa. Anayesema kwamba haitumii ili isiharibike amesema neno ambalo maumbile yamelikadhibisha.

Walakini iko hoja ya upande wa pili ambayo ina nguvu, nami sitaki kuidhulumu. Kila mara shata inapofunguka, chuma husuguana na chuma. Siku moja chemchemi itakatika, na vipuri vya kamera nyingi havitengenezwi tena. Je, anayeitumia haichukui kaburini pole pole? Jawabu, kwa rai yangu, limo katika fikihi ya ariya, yaani kuazimana. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliyepokea kitu cha ariya hudhamini kikiharibika mkononi mwake. Lakini kikichakaa kwa yale matumizi hasa aliyoruhusiwa, hakuna dhamana juu yake. Nguo iliyoazimwa kuvaliwa ikachakaa kwa kuvaliwa haidaiwi. Iliyochomwa moto hudaiwa. Wanasheria hao, ambao hawakuwa washairi, walitambua tofauti ambayo sisi tunaisahau: uchakavu unaotokana na kazi ni haki ya kitu, na uharibifu unaotokana na kupuuzwa ni deni. Na mwenye kuamini kwamba kila alichonacho ni ariya mkononi mwake hatapata tabu kuona ni upande gani anaosimama.

Fikihi ya wakfu nayo yatupa mwanga. Kitu hakifai kuwekwa wakfu ila kiwe kinatoa manfaa huku ain yake, yaani kitu chenyewe, ikibaki: kisima, nyumba, msahafu. Chakula hakifai, kwa kuwa manfaa yake ni kuliwa. Katika upigaji picha wa mkanda vyote viwili vimo katika mkono mmoja. Mkanda ni chakula; ukishaupiga umekwisha, na ukiusafisha umegeuka kuwa kitu kingine. Kamera ni kisima. Watu wa kabati hufanya kinyume cha maumbile haya mawili, kwa kukitendea kisima kana kwamba ni chakula cha akiba, kinachopungua kwa kila anayekunywa.

Nakubali kwamba viko vitu ambavyo kazi yake imebadilika kwa kupita kwa wakati. Ile sampuli ya kwanza ya Barnack, kwa mfano, sasa ni shahidi. Manfaa yake ni elimu ya wanaoitazama, na haistahili kutiwa mkanda na kupelekwa sokoni. Lakini udhuru huu ni wa vitu vichache mno, wala hauwezi kudaiwa na mwenye Rollei 35 ambayo ndugu zake wametengenezwa kwa mamia ya maelfu, Ujerumani kwanza na Singapore baadaye. Jumba la makumbusho hufungua milango yake kwa watu wote. Kabati la chumbani halifungui.

Wako pia watakaosema kwamba kutumia mkanda katika zama ambazo kila mtu ana simu yenye kamera ni israfu. Hili nalijibu kwa ufupi. Sijasema kwamba kila mtu anunue kamera ya zamani. Anayetosheka na simu yake ametosheka, na hana deni kwa kioo chochote cha Jena. Wajibu huja pamoja na milki. Asiyemiliki farasi hahukumiwi kwa kutompa maji.

Israfu ya kweli iko kwingine, iko katika wingi. Sura ya At-Takathur imewakemea watu walioshughulishwa na kushindana kwa wingi mpaka wakazuru makaburi, na sijui neno linaloweza kuyaeleza masoko ya kamera ya miaka hii kuliko hilo. Contax T2, iliyotoka mwaka 1990 ikiwa na mwili wa titaniamu na lenzi ya Sonnar, imepandishwa bei mara nyingi kuliko ilivyostahili, hata wako wanaoinunua ikiwa ndani ya boksi lake na kuiuza ikiwa ndani ya boksi hilo hilo, ikipita mkono hata mkono bila ya kuuona mwanga wa mchana. Na kamera hiyo, tofauti na Trip ya yule mzee, yategemea saketi za umeme. Kyocera, kampuni iliyoiunda, iliacha biashara ya kamera mwaka 2005, na saketi ikifa hapana wa kuifufua. Uhai wake una kikomo kinachokaribia, nao unatumiwa kusubiri bei. Hili siwezi kuliita kupenda kamera.

Je, kuna kadiri ambayo mtu akiivuka amekwisha kutoka katika kupenda na kuingia katika kulimbikiza? Naona iko, nayo ni nyepesi kuipima: ni idadi ya kamera ambazo katika mwaka mmoja kila moja itatiwa mkanda na kutoka nje. Kwa mtu mmoja hiyo yaweza kuwa moja. Kwa mwingine, mwenye nafasi na uwezo, yaweza kuwa sita. Kinachozidi hapo si chake kwa maana ile ya Ghazali, hata kama risiti ina jina lake, kwani ana ain yake bila ya manfaa yake, na manfaa hayo yanamngoja mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine aghalabu yu karibu. Ni mpwa anayeuliza kila akija nyumbani. Ni kijana wa jirani anayeokoteza maarifa ya kupiga picha. Sura ya Al-Maun imewakemea wanaozuia hata vyombo vidogo vya kuazimana baina ya majirani, na wafasiri walipovitaja walitaja ndoo, sufuria na shoka. Sioni sababu ya kuitoa kamera katika hesabu hiyo.

Basi, ewe ndugu yangu mwenye kabati, lifungue. Vitoe vitu vyako katika mifuko ya ngozi, uihifadhi mifuko hiyo mahali pengine, na kila lenzi uielekeze dirishani uitazame kwa jicho la insafu. Iliyoanza kushika ukungu ipeleke kwa fundi kabla ya masika. Iliyo nzima ipe mkanda. Wa nyeusi na nyeupe bado unatengenezwa, Ilford wa Uingereza hawajaacha, nao waweza kuusafisha nyumbani mwako kwa dawa chache na chumba cha giza. Na ile ambayo mwaka mzima hukuweza kutoka nayo, usiiuze kwa anayetaka kuifungia kabati lake. Mpe mpwa wako, umwonyeshe jinsi bomba linavyovutwa na kukamatishwa, na umwambie arudi Idi ijayo akuletee picha.